Nani Kachinja?

Msimu ule wa baridi mama yangu aligoma kula, na mimi nilikuwa tayari kugombana na kila aliyekuja kunishauri. Mpe uji. Mpe juisi. Mpe yale maziwa ya kopo wanayouza duka la dawa. Jamani, kwani mimi ni mjinga? Vyote nilikuwa nimempa. Uji aliutazama mpaka ukapoa. Juisi aliinywa kidogo, kwa adabu tu, kama mgeni asiyetaka kumwudhi mwenyeji. Maziwa ya kopo alisema yana ladha ya chaki. Ugonjwa ulikuwa tumboni, ule ambao daktari huvuta kiti akakaa kwanza kabla ya kukwambia. Wetu alikuwa msichana mpole. Alisema matibabu ya kuponya hayapo tena, na sasa tumpe mama chochote atakachotamani, maana akiacha kula kabisa hatutakaa naye sana. Chochote! Alilitamka neno hilo kana kwamba kinauzwa dukani.

Alichotamani mama ni nyama ya porini.

Alisema hivyo asubuhi moja akiwa amekaa dirishani, hapo ghorofani kwetu Mississauga, huku ughaibuni, shuka la kitenge mabegani, akitazama upepo unavyozungusha theluji kwenye maegesho ya magari. "Nyama ya huku inanuka friji," alisema. "Kuku wenu hata harufu ya kuku hana. Ningepata kinyama cha porini, mchuzi mwepesi, chumvi na ndimu basi, nadhani kingepita." Kule Tabora marehemu baba alikuwa mwindaji. Alikuwa na gobole lake la kushindilia baruti, na sisi watoto tulikula kanga, swala na bata wa mbugani kuliko tulivyokula ng'ombe. Kwa hiyo mama hakuwa anadeka. Alikuwa anakumbuka chakula cha nyumbani kwake.

Lakini kwa mama nyama peke yake haitoshi. Mama ana swali lake, na swali hilo lilinitoa jasho tangu alipotua nchi hii: "Nani kachinja?" Ukimwambia imetoka bucha la Waislamu, kibandiko kipo pale mlangoni, anakuuliza, "Kibandiko ndicho kilichochinja?" Anataka mtu. Anataka kujua alikuwa nani, alisema bismillahi au alikuwa anaongea na simu.

Na mtu huyo awe mwanamume. Kwetu mwanamke hachinji. Masheikh wameshasema mara ngapi kwamba dini haijakataza, lakini nani anawasikiliza kwa hilo? Nimekua nikimwona mama amesimama mlangoni, kuku kambana kwapani, anangoja mwanamume yeyote apite njiani amwombe, "Baba, hebu nichinjie." Siku moja walitujia wageni wa heshima kutoka mbali, na mwanamume hata wa dawa hakupita. Mama alisimama pale mpaka jua likawa kali, kisu mkononi, halafu akamrudisha kuku bandani. Wageni wakala maharage. Sijasahau jinsi alivyowatengea yale maharage, macho chini.

Basi aliposema nyama ya porini, kaka yangu aliinuka kwenye kochi kama aliyeitwa jina. Kaka yangu anapakia mizigo kwenye maghala ya Malton, pale jirani na uwanja wa ndege. Uwindaji alifundishwa na baba wa mwenzake wa kazini, mzee wa Kizungu mwenye shamba kando ya ziwa, mashariki ya mji. Alisoma, akafanya mtihani, akapata kadi na vibali vyote. Mimi nilikuwa namcheka. Mtu mzima na ndevu zako, nilimwambia, unakwenda kukaa kwenye matete kama chura, na baridi yote hii! Siku ile sikucheka.

"Nitamletea," alisema. "Kulungu au bata, kimoja nitamletea."

"Msimu si unaisha?"

"Ndiyo unaisha. Kwa hiyo ni Jumamosi hii au basi."

Wanyama wale wa huku sisi tunawaita kulungu, ingawa hawafanani sana na kulungu wa kwetu. Nilimwambia nakwenda naye. Alinikatalia, akasema nitamfukuzia wanyama kwa mdomo wangu. Nikamwambia mdomo nitaufunga, lakini sikai tena humu ndani kuangalia kijiko kinavyorudi kimejaa. Akakubali. Binti yangu alibaki na bibi yake, nasi tukaondoka kukianza kupambazuka.

Watu husema ziwa, na mimi nilikuwa nikilifahamu kwa kuliona toka mbali, likimetameta nyuma ya majengo. Siku ile ndipo nililijua. Ng'ambo haionekani. Mawimbi yalikuja ya kijivu, mazito, yakipiga mawe ya ufukweni, na kila jiwe lilikuwa limevishwa barafu nene. Upepo ulipita katikati ya sweta mbili, koti na ile fulana ya rangi ya machungwa ambayo wawindaji wa kulungu huvaa wasipigane risasi. Machozi yalinitoka yakaganda kwenye kope. Nikasema moyoni, mama yangu wee, na watu hulipia vibali waje hapa kwa hiari.

Mzee mwenye shamba alitupokea na birika la chai. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache, na alimrudia kaka kanuni zake kama mtu anayemfunga mtoto vifungo. Ukimpiga kulungu, usimfuate. Kaa chini, mimina chai, unywe polepole. Mnyama aliyejeruhiwa ukimwacha atalala karibu na kufia hapo hapo; ukimkimbiza ataenda mbali. Na ile ghuba ndogo yenye matete msiikanyage kabisa, barafu yake ni ya kudanganya, chini kuna mkondo. Kaka aliitikia kila neno. Mimi pia nilisikia.

Tulianza na bata. Kaka alivaa suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani, akaingia majini kwenye ukingo usioganda, akapanga bata wake wa plastiki. Wote wamefungwa kwenye kamba moja ndefu yenye vipande vya madini ya risasi vya kuizamisha, ili bata wa kweli wakipita juu wadhani wenzao wametua. Tukajificha kwenye matete. Tulikaa mpaka nikaacha kuvisikia vidole vya miguu. Makundi yalipita juu sana, yakielekea kusini, na kila kundi lilipopita kaka aliinua bunduki na kuishusha tena.

Mwishowe bata mmoja alishuka peke yake. Kaka akafyatua, bata akaanguka kwa upande, bawa limevunjika, lakini akapiga mbio juu ya maji akajipenyeza kwenye matete. Tulimtafuta. Kaka alifunua matete mpaka viganja vikamtoka damu. Hakuna kitu. Alitukana tusi moja zito, papo hapo akasema astaghfirullah, akaanza kukusanya bata wake wa plastiki bila kuniangalia. Nilikunja ile kamba nikaitupa kwenye kisanduku cha kuburuta tulichokuja nacho kwa ajili ya nyama. Kilikuwa kitupu, kinatelemka chenyewe kwenye theluji, na nikaona aibu kukivuta.

Kaka alibadilisha mavazi, akavaa buti, tukapandisha kando ya ghuba kutafuta kulungu. Nilijua anafikiri nilichokuwa nafikiri mimi: turudi mikono mitupu, mama atuulize, tumwambie nini? Atasema haidhuru wanangu, na hiyo haidhuru yake ndiyo itakayotumaliza.

Akatokea. Kulungu jike, mkubwa, alisimama kwenye ukingo wa miti akitafuna gome la mti, pumzi yake ikitoka moshi. Kaka alipiga goti. Mlio ukaja. Kulungu alijikunja, akaruka, akateremka mbio kuelekea kwenye matete, theluji nyuma yake ikiwa na matone mekundu.

"Umempata!" nilisema. "Alhamdulillahi! Sasa kaa. Mzee kasema kaa."

Kaka hakukaa. Alinigeukia na uso ambao sijawahi kumwona nao, midomo wazi, macho yametoka. Akaiweka bunduki juu ya theluji, akachomoa kisu kiunoni, akatimua mbio.

"Kaka! We kaka! Barafu!"

Kulungu alishaingia kwenye ghuba. Alikwenda anateleza, miguu ikimpanuka, halafu katikati akalala, kichwa bado kiko juu. Kaka naye akaingia. Nilimkimbilia nikipiga kelele na kuanguka na kuinuka, na nilipofika ukingoni alikuwa amebakiza kidogo tu amfikie. Barafu ikalia kama ubao unaopasuliwa. Kaka akazama mpaka shingoni.

Sitaki kuipamba sauti niliyoitoa. Ilikuwa ya mnyama. Alijaribu kujiinua kwa viwiko na kila alipoegemea kipande kilivunjika. Aliniita jina langu la utotoni, ambalo hakuna anayeniita tena, na nikajua anakufa mbele yangu. Nilitaka kukimbia kwake. Wallahi mguu mmoja niliutia, barafu ikalia, nikaurudisha. Nikakumbuka kisanduku. Nikakifuata huku nikisema Mungu wangu, usinifanyie hivi, mama mmoja unamchukua, basi na huyu, nami nibaki na nani?

Niliitupa kamba ya bata. Upepo ukairudisha. Nikaitupa tena, na bata mmoja wa plastiki akampiga usoni.

"Shika!" nilimpigia kelele. "Shika, mpumbavu mkubwa wewe! Shika, nitamwambia nini mama?"

Aliizungusha mkononi, vidole vilikuwa havikunjiki. Nilikaa chini, visigino nikavisimamisha kwenye kisiki, nikavuta. Nilivuta huku nikimtukana na kusoma kila sura niliyofundishwa madrasa, vyote kwa pamoja, Mungu anisamehe. Barafu ilivunjika mbele yake, ikavunjika tena, halafu mahali fulani ikashika, akaja kwa tumbo, mzito, bata wa plastiki wakigonga gonga pembeni yake. Mzee mwenye shamba alikuwa ameshanisikia. Alikuja na trekta lake dogo, akambeba kaka yangu mabegani bila kusema nimewaambia nini.

Jikoni kwa mzee kulikuwa na jiko la kuni. Tulimvua kila kitu, tukamviringisha mablanketi, na mzee akapiga simu ya dharura. Wakasema gari la wagonjwa linakuja, ila liko mbali. Kaka alikuwa wa kijivu, meno yanagongana mpaka nikaogopa atauma ulimi. Mzee akatoka kwenda kuichukua ile bunduki tuliyoiacha kwenye theluji. Hapo ndipo hasira ilinipanda.

"Kwa nini ulikimbia? Mtu kakwambia kaa, barafu ya uongo, umeitikia ndiyo, ndiyo! Kwa nini?"

Alijaribu kusema mara kadhaa kabla maneno hayajatoka. "Nilisahau."

"Ulisahau barafu?"

"Bismillahi." Machozi yalimtoka. "Nilifyatua kabla sijasema. Mdomo ulikuwa umeganda, nikaona atakimbia, nikafyatua. Nikakumbuka baadaye."

Kila aliyelelewa nyumba ya mwindaji wa Kiislamu anaijua hii. Ukitaja jina la Mungu unapofyatua, mnyama ni halali hata ukimkuta ameshakufa. Usipolitaja, mama hamli, mpaka umfikie angali na pumzi, umchinje kwa kisu. Mzee wa watu alimfundisha kaka yangu asimfuate kulungu mpaka afe. Kaka yangu alihitaji kumfikia kabla hajafa.

"Ungemdanganya," nilimwambia. "Ungesema umesema."

"Mama?"

Nilimvutia blanketi mabegani.

Mzee alirudi. Bunduki ilikuwa bega moja, na kwa mkono wa pili alikuwa amebana kitu kifuani. "Kulungu amekufa," alisema. "Nitamtoa na mtumbwi baadaye, ni wenu. Na huyu nimemkuta kwenye matete, ndiye wenu wa asubuhi." Alikuwa yule bata, bawa linaning'inia, kichwa kinalala na kuinuka. Mzee alimshika shingo kwa vidole viwili, kwa upole, kama watu wao wanavyofanya ili asiteseke. "Nimmalize?"

"Hapana!" nilipiga kelele, mzee wa watu akashtuka hadi akarudi nyuma.

Nilimpelekea kaka. Tulimwekea kisu cha jikoni mkononi, kikaanguka. Nikamfumba vidole kukizunguka, kikaanguka tena. Alijaribu kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima. Bata alifumba macho. Nilizunguka na macho yangu jikoni mle kama vile mwanamume wa Kiislamu angetokea kabatini. Nikajiona nimesimama kama mama, ndege kwapani, naangalia mlango. Na mlangoni hapakuwa na njia ya watu, palikuwa na theluji tu na ziwa lile linanguruma.

"Kibla kiko wapi?" nilimwuliza.

Kaka aliniangalia. Alielewa. Akatoa mkono kwenye blanketi, unatetemeka, akaelekeza dirishani. "Lipe ziwa mgongo. Elekea lile ghala jekundu, kulia kidogo."

Mzee alikinoa kisu bila kuuliza lolote. Nilitoka. Nilipiga magoti kwenye theluji, nikamlaza bata, nikamkandamiza kwa goti taratibu kama nilivyomwona baba akifanya. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule kwenye barafu. Niliogopa kumtesa, niliogopa mkono wangu. Nikasema bismillahi, Allahu akbar, kwa sauti kubwa upepo usije ukaimeza, nikakata. Damu ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu cha moto duniani. Nilikaa pale nikilia mpaka nikasikia king'ora kwa mbali.

Kulungu tulimwachia mzee. Kaka walimpeleka hospitali, wakasema atakaa mpaka kesho wamwangalie moyo, na aliponiona nimeng'ang'ania kitanda chake akanifukuza. "Nenda kapike," alisema. "Ukichelewa nitakufa kweli."

Nilimpika bata kama mama alivyoagiza, chumvi na ndimu, mchuzi mwepesi. Ulipoanza kuchemka harufu yake ilienea nyumba nzima, nzito, ya matope na majani, na binti yangu akaziba pua akasema kwa Kiingereza chake kwamba kuna kitu kimekufa. Mama aligeuza kichwa. Nilikuwa nimeshamweleza yote kuhusu kaka, na alikuwa ameongea naye kwa simu na kumtukana vizuri, kwa hiyo nilijua ametulia. Nilimpelekea bakuli dogo. Nikakipuliza kijiko.

"Nani kachinja?"

Ningeweza kumtaja kaka. Nikakirudisha kijiko bakulini.

"Mimi, mama."

"Nani?"

"Mimi. Kaka vidole vilikataa, na yule mzee si mwenzetu. Nimechinja mimi."

Nilisubiri aseme haidhuru mwanangu, asukume bakuli, na yote yale yawe ya bure, barafu na kamba na kaka yangu aliyelala hospitali.

"Bismillahi ulisema?"

"Nilisema kwa sauti mpaka mzee akachungulia."

"Kibla?"

"Kaka alinionyesha."

"Nipe mkono."

Nilimpa. Aliugeuza, akaangalia kiganja, akaangalia damu iliyokauka kando ya kucha ambayo sabuni haikuitoa. Halafu akafumbua mdomo, nikamlisha. Alitafuna polepole. Kikapita. Akafumbua tena. Bata yule alimtosha siku kadhaa, kidogo kidogo, na baada yake hakutamani tena kitu chochote mpaka alipotutoka. Lakini siku ile alikula mpaka nikaogopa.

"Wale wageni," alisema ghafla, "unawakumbuka? Nikamrudisha kuku bandani."

"Nakumbuka, mama."

"Niliwapa maharage."

"Ndiyo, mama."

Bado alikuwa ameushika mkono wangu. "Kisu nilikuwa nacho," alisema. "Kumbe ningeweza." Akatazama dirishani kule kwenye theluji, kisha akanisogezea bakuli. "Ongeza mchuzi."